Mgongo wa Silantoi

Asubuhi ile mgongo ulipomshika, Silantoi alikuwa amejificha jikoni kwa sababu mkwewe alikuwa amekuja.

Hawakuwa na ugomvi wowote. Mika, mume wa binti yake Nosim, alikuwa mtu mpole, fundi wa magari ya watalii kwenye gereji moja kule Kijenge, na haukupita mwezi bila yeye kupanda mlimani kwa Silantoi kuona kama kuna bati limeng'oka au bomba limeziba. Lakini Waarusha wa umri wa Silantoi walilelewa hivi: mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawagusani hata kwa bahati mbaya, wala mmoja hamtaji mwenzake kwa jina. Mika alipokuja kuoa alimletea kondoo jike, na tangu hapo wakaitana Paker, jina la mtu na mwenzake waliounganishwa na kondoo. Hata hilo walilitumia kwa nadra, na mara zote kwa kupitia mtu wa tatu. Vijana wa mjini walikuwa wameshaanza kuyalegeza mambo haya, na Silantoi hakuwalaumu. Ila yeye ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kumwambia Mika kwamba anamheshimu.

Basi Mika alikuwa nje kwenye kigoda, karibu na migomba, na pembeni yake jiko la gesi ambalo mkewe alimtuma alilete kwa gari. Nosim alikuwa kazini hotelini huko Momela, hakupata ruhusa. Silantoi alikuwa ndani ya kibanda cha udongo cha jikoni, amekaa juu ya gogo, mkono mmoja umeshika nguzo.

Maumivu yalianza alfajiri, alipokuwa akiteremsha mzigo wa majani ya ng'ombe. Mzigo aliutua, lakini uzito haukutoka. Ulibaki katikati ya mabega kama mtu ameuegemeza pale akaenda zake. Kisha ukapanda shingoni, ukaingia kwenye taya. Tumbo nalo likamchafuka. Mwezi mzima alikuwa akichoka bila sababu. Kutoka bombani hadi nyumbani alipumzika njiani mara mbili tatu, akijifanya anafunga vizuri shuka lake ili watu wasimwulize. Alijiambia ni uzee umeanza kubisha hodi.

Paskalina aliingia akiinamisha kichwa mlangoni. Alikuwa jirani yake, mwanamke wa Kichaga aliyeolewa pale kijijini, na kwa kuwa miiko ya mkwe haikumhusu, siku kama hizi yeye ndiye aliyepeleka chai na kurudisha vikombe.

"Mama Nosim, chai ya watu iko wapi? Mkweo atadhani tumehama." Akasimama. "Wewe, mbona umelowa hivyo?"

"Moshi."

"Moshi huliza watu, hauwatoi jasho."

"Basi ni mgongo. Nilibeba majani mengi. Mimina chai umpelekee, asikae kama mgeni asiye na mwenyewe."

Paskalina alimimina, lakini hakuwa mtu wa kubeba kikombe bila kubeba na habari. Silantoi alimsikia akisema kule nje kwamba Mama Nosim ameshikwa na mgongo, ametota jasho, na uso wake umekuwa rangi ya majivu. Kikombe kililia kwenye sahani. Halafu sauti ya Mika ikaja karibu, upande wa pili wa ukuta.

"Mama Paska, naomba umuulize Paker, jasho lake ni la moto au la baridi?"

Paskalina akarudi akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Anauliza jasho ni la moto au la baridi."

"Nimesikia."

"Basi jibu."

"Mwambie ni la baridi. Lakini si kitu."

"La baridi," Paskalina akasema kwa nje, "na si kitu."

"Muulize kama maumivu yanapanda. Shingoni, au kwenye taya."

Silantoi hakujibu. Aliona si vizuri mkwe kuulizia mwili wake, hata kama swali limezunguka kwa jirani. Lakini mkono wake ulikuwa shavuni, na Paskalina alikuwa na macho.

"Mwenyewe hasemi," alisema Paskalina polepole, "ila ameshika taya."

Ng'ombe alitafuna zizini. Kisha Mika akaanza kuongea kwa simu, na simu akaiweka kwenye spika. Aliyejibu alikuwa Harpreet, Singasinga mwenye ile gereji, mtu mzima aliyezaliwa Arusha na kuongea Kiswahili cha mjini kama mtu wa sokoni.

"Bosi, samahani kukusumbua. Ni mama mkwe. Ana jasho la baridi, mgongo unauma, taya inauma, uso umekuwa rangi ya majivu."

"Mika, hiyo ni ile yangu."

"Ndiyo maana nimekupigia."

"Mimi nilikwenda kung'oa jino, unakumbuka? Jino zima kabisa. Ni yule daktari wa meno aliyenitazama akasema mzee, toka kwenye kiti hiki nenda hospitali, moyo huo. Na nilipolazwa daktari akanieleza, akina mama wengi hata kifua hakiwaumi. Wanasema mgongo, wanasema uchovu, wanasema nimekula vibaya. Yuko wapi sasa?"

"Jikoni."

"Na wewe?"

"Nje."

"Unafanya nini nje?"

Harpreet alikaa Arusha miaka yote hiyo, akaelewa mwenyewe. "Haya. Ulizeni kama ana vidonda vya tumbo au kama aspirini humdhuru. Kama hana shida, atafune moja, asimeze nzima. Halafu hospitali, sasa hivi. Usingoje chai ipoe."

Aspirini ilitoka kwa Paskalina, aliyezoea kuziweka kwenye pindo la kanga kwa ajili ya kichwa chake. Silantoi alisema hana vidonda vya tumbo, akaitafuna, ikamkausha ulimi. Lakini aliposikia habari ya gari, alitikisa kichwa.

"Nitalala kidogo. Kesho nitashuka na basi."

"Kesho ya nani?" akasema Paskalina.

"Siwezi kukaa ndani ya gari moja na mkwe. Hata watoto watanicheka."

"Wakucheke ukiwa hai. Wana haraka gani?"

Hapo ndipo Mika alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe. Alisema naye mwenyewe, bila kumpitia mtu.

"Mama," sauti ilikuja chini kwa chini, karibu na pale udongo ulipopasuka, "naomba unisikie. Sitakutazama. Nitarudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni, nitakaa kwenye usukani, nitatazama mlima. Utapanda na Mama Paska kiti cha nyuma. Tukifika wakisema ni majani ya ng'ombe, nitaleta kondoo wa pili, wa kuomba radhi."

Silantoi alicheka, na kicheko kikamchoma mgongoni. Uchungu ulipotulia kidogo alijikuta akiwaza, si juu yake, bali juu ya yule mtu wa nyuma ya ukuta. Kama angefia pale kwenye gogo, Nosim angeuliza mama alikufaje. Mika ingembidi aseme: nilikuwa nje, nakunywa chai. Angeyasema hayo mara moja, kisha angeishi nayo. Silantoi aliona kwamba heshima yake, ambayo siku zote ilikuwa zawadi kwa mkwe, leo ingemwachia mzigo asioweza kuutua popote.

"Mwambie alete gari," alisema.

Mika alitimiza neno lake. Alitazama mlima, ingawa mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na ukungu na hapakuwa na cha kutazama. Kioo cha ndani alikigeuza juu, kikabaki kinaonyesha paa la gari. Silantoi alijifunika shuka kichwani, akaegemea bega la Paskalina, aliyekuwa ameanza rozari kabla hawajafika barabara kubwa. Walipita Ngaramtoni katikati ya watu wenye mikungu ya ndizi. Kila tuta gari lilipungua mpaka likakaribia kusimama, na kila lilipopungua Silantoi alijua kuna mtu mbele anayehesabu maumivu yake. Alitaka kumwambia asijali, aende tu. Lakini sasa sauti haikutoka. Alianza kuogopa kweli. Hakuogopa sana kufa, kwa kuwa hilo alimwachia Mungu. Aliogopa kufa kabla hajashukuru.

Kwenye geti la hospitali viti vya magurudumu vilikuwa vimetumika vyote. Paskalina alishuka akampa mkono. Silantoi aliweka mguu chini, na mguu ukawa si wake. Magoti yalikunjika. Paskalina, ambaye kwa mwili ni mdogo, akashindwa kumzuia.

"Mama, nisamehe," Mika alisema, akamwinua.

Alimbeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyesinzia kanisani. Silantoi alifumba macho. Alinusa grisi ya gereji na sabuni, akasikia moyo wa yule kijana ukidunda kwa nguvu, sawasawa, wakati wake ukijikwaa. Alingoja aibu ije. Pengine ilikuja, lakini ilikuta nafasi imeshajaa. Watu walipisha. Hakuna kilichovunjika.

Walimbandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya milima na mabonde, na daktari akaitazama mara moja tu. Alisema mshipa mmoja unaolisha moyo umezibwa na damu iliyoganda, kwa hiyo sehemu ya moyo ilikuwa inakosa chakula na hewa. Wakampa dawa ya kuyeyusha damu ile. Baadaye, mgongo ulipoanza kuachia taratibu, kama mtu aliyeondoa mkono wake bila kuaga, daktari alirudi akauliza nani aliyemleta.

"Mkwe wake," alisema Paskalina.

"Mwambieni amefanya vizuri. Moyo ukikaa bila damu, nyama yake inakufa, na ikifa hairudi. Huyu amefika wakati nyingi bado ni hai."

Mika alikuwa koridoni. Hakuingia wodini, alisimama mahali ambapo asingeonekana kutoka kitandani, akapiga simu Momela. Nosim alifika jioni ile akiwa bado na sare ya kazi. Alimshika mama yake miguu, akalia, kisha akatoka koridoni, na Silantoi akasikia kwamba huko nako kuna mtu analia, naye si Nosim.

Siku zilizofuata alihudumiwa na nesi aitwaye Simaloi, msichana wa Oldonyo Sambu ambaye alimwita yeyo, mama, kwa Kimaa, na kumpa shikamoo kila alipoingia hata kama alikuwa ametoka muda uleule. Nguvu zilipomrudia, Simaloi alivuta kiti.

"Yeyo, jambo hili halikuanza siku ile ya majani. Mishipa ya damu ni kama mifereji yetu ya kumwagilia. Ikiwa mipya, maji yanateleza. Mwaka baada ya mwaka tope linashika pembeni, njia inakuwa nyembamba. Presha ikiwa juu, inakwaruza kingo na tope linashika zaidi. Siku moja kipande kinabomoka, damu inagandia pale, njia inafunga. Wewe presha yako ulishaambiwa?"

"Niliambiwa, miaka imepita. Walinipa vidonge. Nikapata nafuu, nikaacha."

"Ulijuaje kama umepata nafuu?"

"Kichwa hakikuuma."

"Presha haina adabu ya kubisha hodi, yeyo. Wengi haiwaumi popote. Unajua kwa kupima tu. Na chumvi? Walikuambia uache?"

"Hiyo niliacha. Kabisa."

Simaloi akatabasamu. "Hapo nakusifu. Wengi wanashindwa."

Paskalina, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, aliona sifa hiyo ni ndogo. "Huyu? Chumvi hata mkebe wake alinipa mimi. Kila kitu anapika kwa magadi tu. Makande magadi, mboga magadi, hata chakula cha jana akipasha anaongeza kidogo. Chumvi haigusi."

Nesi alimgeukia Silantoi. "Magadi kiasi gani, yeyo?"

Silantoi alionyesha kwa vidole. Kisha, kwa kuwa hakupenda kusema nusu ya jambo, akaongeza kwamba ugoro wake pia huusaga na magadi, na kwamba ugoro alianza kunusa alipojifungua mtoto wa kwanza.

Simaloi hakumcheka wala hakumkemea. Alieleza kwamba kile kilicho ndani ya chumvi kinachopandisha presha kimo pia ndani ya magadi. Moyo haujui kwamba hii imetoka dukani na hiyo imetoka ziwani. Alieleza kwamba tumbaku, hata isiyotoa moshi, inabana mishipa na kuupeleka moyo mbio. Akasema moshi wa jikoni nao una sehemu yake, na sukari yenye kupanda ina sehemu yake, na umri, na damu ya ukoo.

"Mama yangu alikufa kwa mgongo," Silantoi alisema. "Alitoka shambani, akasema mgongo, akalala. Tulisema amechoka."

"Inawezekana alikuwa amechoka," alisema Simaloi kwa upole. "Inawezekana ilikuwa hii. Hatuwezi kujua sasa, na hakuna aliyekosa. Ila wewe unajua, na Nosim anajua. Naye apimwe presha na sukari, hata kama hajisikii chochote."

Silantoi alikaa muda mrefu akiwaza habari ya magadi. Alikuwa ametii. Alitii kwa miaka, akila chakula alichodhani ni cha mgonjwa mwaminifu. Angeweza kumkasirikia aliyemwambia acha chumvi asimwambie na hili. Lakini alimkumbuka yule mganga wa zahanati, kijana mmoja na foleni iliyozunguka jengo, na yeye Silantoi mwenyewe hakuwa ameuliza. Akaiacha hasira ipite. Kilichobaki, alipoitafuta, kilikuwa shukrani, na ilikuwa nyingi kuliko alivyotegemea: kwa jino la Harpreet lililoponea chupuchupu, kwa mdomo wa Paskalina usiofungika, kwa kigoda ambacho Mika alikikimbia.

Nyumbani alijifunza mambo upya. Vidonge alivinywa kila siku, awe anajisikia vizuri au vibaya. Makande yasiyo na magadi yalikataa kuiva haraka. Alianza kuloweka maharage tangu jana yake, na mwanzoni yalikuwa na ladha ya kitu kilichosahauliwa, mpaka alipojua kuyatilia kitunguu na maziwa. Ugoro ndio uliompiga mweleka. Wiki ya kwanza alikuwa mkali hata kwa kuku. Paskalina alimwambia, "Moyo wako umepona, sasa wa kwetu ndio utasimama," na wakacheka.

Aliporuhusiwa kutembea mbali, alikwenda kwa mchungaji akaomba nafasi ya shukrani. Ni desturi ya Walutheri wa pale. Mtu aliyetoka kwenye taabu husimama mbele ya usharika Jumapili, na waliomsaidia husimama naye. Mchungaji aliuliza ni nani watasimama naye. Alimtaja Nosim, Paskalina ambaye ni Mkatoliki lakini akaahidi kuja, na mkwe wake.

"Mkwe yupi?" aliuliza mchungaji, kwa kuwa naye ni Mwarusha.

"Ninaye mmoja tu."

Jumapili ile kanisa lilijaa. Mika alikuja na suti iliyombana mabega, akasimama mwisho kabisa wa mstari, macho sakafuni. Silantoi hakuwa msemaji. Alisema alipatwa na ugonjwa wa moyo akadhani ni mgongo. Alisema chumvi na magadi ni ndugu. Alisema presha iliyonyamaza haijapona. Kisha akanyamaza, na watu wakadhani amemaliza, mwanakwaya mmoja akaanza kufungua kitabu.

"Huyu ni Mika," alisema.

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi ya akina mama kama upepo kwenye mahindi. Hakuwa amelitaja jina hilo hata mara moja tangu siku ya posa.

"Alinibeba. Kwa mikono yake. Niliona nishukuru mbele yenu, maana nikishukuru nyuma ya ukuta Mungu atasikia, lakini yeye hatanisikia vizuri." Akamgeukia. Mika aliinua macho, akayashusha, akayainua tena. "Mika, asante."

"Asante, Mama," alisema Mika.

Nje, baada ya ibada, watu walikuja kumshika mkono. Nashilu, mwanamke aliyetahiriwa naye rika moja na aliyemjua tangu utotoni, hakuja. Alibaki ameketi kwenye ukuta mfupi wa bustani, mkongojo magotini, kwa hiyo Silantoi akamfuata.

"Umetutia aibu," alisema Nashilu bila kumtazama. "Mama mtu mzima, kusimama na mkwe, kumtaja jina. Mama yako angesemaje?"

"Sijui. Ningependa angekuwepo aseme."

"Hmm."

"Mbona hukuja kunisalimia? Umenikasirikia kiasi hicho?"

"Hapana. Nimechoka tu. Hicho kilima cha kanisa siku hizi kimekuwa kirefu." Nashilu alijinyoosha, akakunja uso, akapeleka mkono nyuma katikati ya mabega.

Silantoi aliutazama ule mkono. "Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ni kuni, nilibeba kuni mbichi. Usianze mambo yako ya hospitali."

"Na jasho?"

"Silantoi, niache."

Silantoi hakumwacha. Aliketi kando yake ukutani, akamshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi. Kule chini ya mikaratusi Mika alikuwa akimfungulia Nosim mlango wa gari. Silantoi hakumtafuta Paskalina ampeleke neno. Alipaza sauti mwenyewe, uani kote wakasikia.

"Mika, leta gari hapa."

"Wewe mwanamke," alisema Nashilu, lakini hakuuvuta mkono wake. "Si nimekwambia ni kuni."

"Huenda ni kuni kweli," alisema Silantoi. "Twende wakatuambie wao kwamba ni kuni."